Barua ya wazi kwa wakuu wa mradi wetu wa nyani: siku 5 kwa mwezi hazitoshi

Kwa:
Mkurugenzi wa Mradi,
Wajumbe wa Kamati ya Utafiti,
Na wafadhili wetu, popote mlipo.

YAH: KUPUNGUZWA KWA SIKU ZA KUFUATILIA MAKUNDI YA NYANI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne kuhusu jambo hili, na ndiyo ya kwanza kusomwa na watu wa nje. Ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Baada ya ya tatu niliitwa kikaoni, nikapewa dakika 10, nikaambiwa maoni yangu "yatafanyiwa kazi". Wiki mbili baadaye ratiba mpya ikabandikwa kwenye mlango wa stoo, na ndani yake hamkuwa na hata neno moja kati ya yale niliyosema. Sina nia ya kumwaibisha mtu, na ndiyo maana sitaji jina la mradi wala la yeyote kati yenu. Ila hodi nimeshapiga mara tatu.

Kwa wasionijua: mimi ni mfuatiliaji. Huu ni mwaka wa 19 naamka kabla ya jua ili niwe chini ya miti waliyolala nyani kabla hawajashuka. Nawahesabu wakishuka, natembea nao mchana kutwa, nawahesabu tena wakipanda jioni. Vyombo vyangu ni saa, darubini, penseli na karatasi za kurekodia. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sawa, lakini sisi tunaliona, na tunaliandika kila siku: nani amevimba, nani ameanza kunywea, nani ngozi ya pembeni ya makalio imegeuka kutoka nyeusi kuwa nyekundu, maana huyo ana mimba. Hivyo ndivyo tunavyojua mimba imeingia lini bila kumgusa mnyama. Watu hucheka nikiwaeleza. Hata hivyo, kila tarehe ya kuzaliwa iliyomo kwenye kompyuta zenu ilianzia hapo.

Ratiba mpya inasema kila kundi litafuatiliwa kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 5 ya mwezi, badala ya siku 25 tulizozoea. Siku zilizobaki zitafidiwa na kamera za mtego zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, kola mbili za GPS za kuvalishwa nyani shingoni, na wanafunzi watakaokuja kwa wiki sita sita. Yanayonisumbua ni haya.

1. Udugu wa nyani hauonekani kwa siku 5

Nianze na Tausi, kwa sababu wengi wenu mnamjua kama mstari kwenye jedwali tu. Tausi aliuawa na chui mwaka jana, tarehe 8. Aliacha binti wa miezi 14, tunayemwita Kipini. Jioni ile Kipini alipanda kwenye tawi lile lile alilozoea kulala na mama yake, akakaa peke yake, akawa anatoa ule mlio mfupi wa mtoto aliyepotea. Nimeandika: saa 12:21 jioni, Kipini peke yake. Kesho yake vilevile. Jioni ya tatu alikuja Shali, dada yake mkubwa, ambaye hata yeye alikuwa hajazaa. Alikaa umbali wa mkono mmoja, uso ameuelekeza kwingine, kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake. Saa 12:34 Kipini alisogea. Saa 12:36 alikuwa kifuani kwa dada yake, na Shali ameanza kumchambua manyoya ya shingoni taratibu, unyoya kwa unyoya. Tangu usiku ule hawajawahi kulala mbalimbali, angalau kwa usiku wote tulioushuhudia.

Mchana kulikuwa na mwingine. Kigego, dume mwenye jino lililovunjika, alikuwa na desturi ya kukaa karibu na Tausi tangu Kipini azaliwe. Baada ya kifo, Kipini alianza kula mahali Kigego alipochimbua mizizi. Dume yule humfukuza kijana yeyote anayesogelea shimo lake, lakini huyu alimpisha. Siku moja madume wawili vijana walimbana Kipini kwenye mwamba. Kigego alifika kabla hata mlio haujaisha. Je, ni baba yake? Hatukujua. Majibu ya vinasaba kutoka kwenye kinyesi yalikuja miezi minane baadaye: ndiye.

Sasa wekeni ratiba yenu mpya juu ya kisa hiki. Tausi anakufa tarehe 8. Tunarudi tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Tunamkuta Kipini yuko kwa Shali, tunaandika "Kipini na Shali, pamoja", na Tausi tunamwandika "hayupo". Kafa? Kafa lini? Mtoto alikaa yatima kwa siku ngapi kabla ya kuchukuliwa, na nani alimwendea mwenzake? Yote hayo yamekwenda na maji. Na hamtajua kwamba mmepoteza kitu, kwa kuwa jedwali litakuwa limejaa.

Si sisi peke yetu tunaoona mambo haya. Amboseli, Kenya, ambako nyani wamefuatiliwa mfululizo tangu 1971, watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba madume wakati wa ugomvi wa watoto huwaunga mkono watoto wao wa damu kuliko wa wengine. Mwaka huo huo, kwa data za miaka 16, ilionekana kwamba watoto wa majike wenye uhusiano mzuri na wenzao huvuka mwaka wa kwanza zaidi kuliko watoto wa majike wapweke. Mwaka 2016 wakaenda mbali zaidi. Walichukua majike 196 na kuangalia shida za utotoni: kuzaliwa wakati wa ukame, kufiwa na mama, kuwa na mama wa cheo cha chini au aliyejitenga, kufuatwa haraka na mdogo wake, kukulia kwenye kundi kubwa mno. Jike aliyepata shida tatu au zaidi aliishi karibu miaka 10 pungufu ya yule aliyepata moja au asiyepata kabisa. Miaka 10, kwa mnyama ambaye akifika 20 ni bibi kizee! Na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba kivuli hicho huwaangukia hata watoto: jike aliyefiwa na mama utotoni, wanawe nao huwa hatarini zaidi kufa wakiwa wadogo, hata kama mama yao bado yu hai.

Kipini ni jike wa namna hiyo. Kafiwa na mama, tena mwaka wa ukame. Swali lililo mbele yetu ni kama dada na baba wanaweza kuziba pengo. Jibu lake liko kwenye miaka 15 ijayo ya maisha ya nyani mmoja ambaye mnataka tumwone siku 60 kwa mwaka.

2. Mti wa ukoo ukikatika hauungiki

Jike wa nyani haondoki kundi alilozaliwa. Anayehama ni dume akibalehe. Kwa sokwe ni kinyume, na hilo tulilijua vizuri kutokana na kazi iliyoanza Mahale, Tanzania, mwaka 1965: binti ndiye anayehama na kwenda kuanza upya ugenini. Kwa hiyo kundi la nyani ni koo za akina mama zilizokaa pamoja kwa vizazi, na kila ukoo una cheo chake. Binti hurithi nafasi chini ya mama yake, na kwa kawaida mdogo humpita mkubwa. Kanuni hii ya mdogo kumpanda mkubwa ilielezwa na mtafiti Kawamura mwaka 1958 kwa kima wa Japani, na nyani wetu wanaifuata pia. Mwanafunzi wa wiki sita ataona jike mdogo akimwondoa jike mkubwa kwenye kivuli na ataandika kwamba mdogo ana hasira. Hana hasira. Ni kitinda mimba wa ukoo wa Asha, na yule mkubwa ni dada yake.

Ili ujue hivyo lazima ujue nani alimzaa nani na kwa mpangilio gani. Mtoto wa nyani huzaliwa mweusi tii na miezi michache baadaye hugeuka rangi. Wiki ya kwanza ndiyo yenye vifo vingi kuliko wiki yoyote tuliyoirekodi. Mtoto akizaliwa tarehe 9 na kufa tarehe 13, kwenu hakuzaliwa kabisa.

Nawakumbusha jaribio la tumbili wa Amboseli, lililochapishwa 1980. Watafiti Cheney na Seyfarth walificha spika kichakani, wakacheza kilio cha mtoto mbele ya majike watatu ambao mmoja wao ndiye mama. Mama aliitazama spika. Wale wawili walimtazama mama! Yaani tumbili anajua mtoto huyu ni wa nani. Lakini kabla ya kubonyeza kitufe, watafiti ilibidi wawe wanajua hilo tayari, kutokana na siku nyingi za kukaa porini bila jaribio lolote. Jaribio lilichukua sekunde. Kilicholiwezesha ni daftari.

3. Kundi likiachwa hutusahau, na wageni hawatujui

Kila mwaka madume wageni wanaingia. Dume aliyetoka porini ambaye hajawahi kumwona mtu kwa karibu hupiga mlio wa kuonya akituona, na kundi zima linakimbia. Humchukua wiki kadhaa za kutuona kila siku mpaka atuzoee. Kwa siku 5 za mwezi hatazoea kamwe. Mtatumia hizo siku 5 kuandika jinsi nyani wanavyomkimbia mfuatiliaji.

4. Madaftari

Kabati la chuma lina madaftari ya miaka 19. Kona ya chini kushoto mchwa wameingia kupitia sakafuni. Nilipovuta daftari la mwaka wa saba, lilitoka jalada. Nimeliripoti mara mbili.

5. Wageni wenye mafua

Mwezi uliopita mgeni wa wafadhili aliletwa kwenye kundi akiwa anapiga chafya, bila barakoa, na mimi nilipokataa kumpeleka nikaambiwa nina kiburi. Kwenye msitu wa Taï, Kodivaa, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba virusi vya binadamu vya njia ya hewa ndivyo vilivyowaua sokwe waliokuwa wakichunguzwa. Yaani wale wale wanaofuatiliwa kwa upendo ndio waliouawa na waliowafuatilia. Nitaendelea kukataa.

6. Majina

Hili nimeliweka mwisho kwa makusudi, ili msiseme ndilo lililonileta. Januari 1974, shambulio la kwanza la sokwe wa Gombe dhidi ya majirani zao waliojitenga lilishuhudiwa na Hilali Matama, mfuatiliaji Mtanzania. Dunia inalijua jina lake kwa sababu wenye mradi ule waliliandika. Mei 1975, wasaidizi wanne wa utafiti walipotekwa nyara na watafiti wa kigeni wakalazimika kuondoka, Watanzania waliobaki ndio waliosonga mbele na kazi. Bila wao historia ya vita ile, iliyoendelea hadi 1978, isingekuwepo. Kwetu, kazi iliyotoka mwaka juzi kuhusu koo za kundi letu la Bondeni inatushukuru kama "wasaidizi wa eneo". Tuko wanne. Tuna majina.

Najua mtakavyonijibu

Mtasema fedha hakuna. Naamini. Nimeona mafuta ya gari yanavyopimwa. Lakini bei ya kola mbili na kamera zote, kwa hesabu mliyotusomea wenyewe kikaoni, inazidi mishahara ya wafuatiliaji wanne kwa mwaka na zaidi. Na kama ni lazima kupunguza, basi acheni kundi moja kabisa, mbaki na mawili yanayofuatiliwa sawasawa, badala ya matatu yanayochunguliwa. Nasema hili kwa uchungu. Ningeliacha kundi la Kilimani, kwa sababu ukoo wake tunaujua kwa miaka sita tu. Nalipenda kundi hilo, lakini likibaki hivyo halitatusaidia.

Mtasema kamera zina akili mnemba inayotambua sura. Ni nzuri, sizibezi. Kwa kuhesabu, na kwa kumwona chui usiku, zimetuzidi. Ila kamera haigeuzi shingo. Inamwona aliyepita mbele yake, haimwoni aliyekaa nyuma ya kisiki akimsubiri mwenzake. Jioni ile ya Kipini, kamera ya karibu ilikuwa inapiga picha za nyasi zikitikiswa na upepo, mita 30 kutoka kwenye mti.

Mtasema vinasaba vitatuambia nani ndugu wa nani. Kweli, na bila vinasaba tusingejua kuhusu Kigego. Lakini kinyesi hakina jina. Lazima awepo mtu aliyemwona Kigego akikiacha, akakiokota akiwa na uhakika. Na hata hivyo, vinasaba vinasema huyu ni baba. Havisemi kama alimpisha mwanawe kwenye shimo.

Mtasema data tunazo za kutosha, sasa tuchambue. Hapo ndipo nisipoelewana nanyi kabisa. Bibi mkongwe wa Bondeni alikuwa bado mtoto nilipoanza kazi. Watoto wa wajukuu wake wanazaliwa sasa. Ndiyo kwanza tumefika mahali ambapo swali la bibi na vitukuu linaweza kuulizwa, na ninyi mnafunga kitabu.

Ninachoomba

Kwanza, siku za kufuatilia zirudi angalau 20 kwa mwezi kwa kila kundi litakalobaki, zikiwa zimetawanywa, zisirundikwe mwanzoni mwa mwezi. Pili, madaftari yote yapigwe picha kabla ya mvua, na kabati lihamishwe. Tatu, kanuni ya barakoa na ya mgonjwa kutokwenda porini imhusu kila mtu, hata mfadhili. Nne, wafuatiliaji waandikwe kwa majina yao kwenye kazi zinazotokana na madaftari yao. Tano, tupate jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye sababu, likitiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha ratiba.

Kuna moja halisubiri siku 30. Shali ana mimba yake ya kwanza. Uvimbe wake ulianza kunywea tarehe ninayoijua, na mimba ya nyani huchukua takriban siku 178; kwa hesabu yangu atajifungua kati ya tarehe 9 na tarehe 18 mwezi ujao. Kipini bado analala kifuani kwake kila usiku. Mtoto mchanga akija, ama Kipini atasukumwa, ama atasaidia kumbeba mtoto, ama ataenda kulala karibu na Kigego. Sijui ni lipi.

Ratiba inasema tutakuwa Bondeni tarehe 1 hadi 5. Naomba ruhusa ya kwenda kuanzia tarehe 6, kwa miguu, bila gari wala posho. Penseli ninazo.

Wenu katika kazi,

Mfuatiliaji, kundi la Bondeni